Mabwawa Mawili ya St. Augustine

Mimi sijui kuogelea. Nalisema hili mapema ili ndugu msomaji asinione kituko nikimweleza kwamba siku tatu za mapumziko yangu katika mji wa St. Augustine, huko Florida, nilizimaliza nikizunguka mabwawa ya hoteli. Binti yangu, ambaye anaishi Jacksonville, ndiye aliyenialika, na wajukuu hawakutaka kusikia habari za ngome wala makanisa ya kale. Walitaka maji.

Mji huo uliasisiwa na Wahispania mwaka 1565, na tangu karne ya 19 umekuwa ukiishi kwa fedha za watalii. Bwawa la kwanza nililoliona halina hata tone la maji. Tajiri wa mafuta na reli, Henry Flagler, alijenga hoteli ya Alcazar mwaka 1888, na ndani yake akaweka bwawa la urefu wa futi 120, likasifiwa kuwa kubwa kuliko mabwawa yote ya ndani ya nyumba ulimwenguni. Hoteli ilifungwa mwaka 1932. Tangu 1948 ni jumba la makumbusho. Chini kabisa ya bwawa, pale ambapo mtu kama mimi angezama, pana mkahawa. Tulikaa tukala, nami nikajihisi kama samaki aliyeachwa na maji kupwa.

Bwawa la pili halipo kabisa, nalo ndilo lililoninyima usingizi.

Karibu na maji ya ghuba palikuwa na hoteli iitwayo Monson Motor Lodge. Mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, hoteli hiyo haikupokea watu weusi. Tarehe 11 Juni Martin Luther King alisimama mlangoni pake akitaka kuhudumiwa chakula, akakamatwa. Wiki moja baadaye, tarehe 18, Wazungu waliounga mkono harakati zake walipanga vyumba hapo, kisha wakawakaribisha wenzao weusi kuogelea nao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: chumba tumekilipia, na hawa ni wageni wetu. Meneja, James Brock, akaleta tindikali ya kusafishia bwawa, akaimimina majini na watu wamo ndani. Kwa kuwa maji yalikuwa mengi, tindikali ilizimuka na haikuwaunguza. Askari mmoja akaruka majini ili awatoe. Picha zikaenea duniani.

Kesho yake Seneti ilipitisha muswada wa Haki za Kiraia kwa kura 73 dhidi ya 27, na tarehe 2 Julai Rais Johnson akautia sahihi. Sisemi kwamba bwawa ndilo lililopitisha sheria. Muswada ulikuwa umejadiliwa kwa miezi. Lakini tangu siku hiyo hoteli kumkataa mgeni kwa sababu ya rangi yake ikawa kuvunja sheria.

Nimejiuliza sana, kwa nini maji? Mgeni wa Kizungu wa zama zile alikula chakula kilichopikwa na mikono myeusi na kulala juu ya shuka zilizotandikwa na mikono hiyo hiyo, wala hakuona amechafuka. Kilichomshinda ni kumkuta mwenye mikono ile bila sare wala sinia, amevaa nguo ya kuogelea kama yeye, maji yaliyomgusa huyu yakimgusa na yule.

Baba yangu alisafisha bwawa la hoteli moja ya pwani kwetu kila alfajiri, miaka mingi. Sikumbuki kumsikia akisema kwamba alipata hata siku moja kutumbukiza mguu. Labda ndiyo sababu hakuna aliyetufundisha kuogelea.

Monson ilibomolewa mwaka 2003, ikajengwa hoteli nyingine mahali pale. Ngazi alizokamatiwa King zimehifadhiwa. Bwawa jipya lipo, na wajukuu zangu walikuwa wamo ndani wakirushiana maji na watoto wa rangi zote, hakuna mzazi aliyenyanyua macho.

"Babu, njoo! Hapa pafupi!"

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikakaa ukingoni na kutia miguu. Maji yalinuka klorini, harufu ile ile iliyokuwa katika mashati ya baba.