Luteni Reitz na Bendera ya Wamazrui

Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Port Reitz na rubani anayepitisha meli Kilindini wote hulitaja jina la kijana aliyekaa Mombasa kwa muda usiotimia miezi minne.

John James Reitz alikuwa luteni katika Leven, manowari ya Uingereza iliyokuwa ikipima na kuchora pwani ya Afrika chini ya Kapteni William Owen. Ilitia nanga Mombasa tarehe 7 Februari 1824, kaskazi ikivuma, na bendera ya Uingereza ilikuwa tayari inapepea juu ya Ngome ya mji. Wamazrui wenyewe, ukoo uliotawala Mombasa, ndio walioishona na kuitweka.

Kisa chote kimelala hapo, na ndipo wasimulizi wengi wanapopita mbio. Seyyid Said wa Oman alikuwa ameshawapokonya Pemba, ghala lao la mpunga, na sasa merikebu zake ziliuzingira mji. Liwali Sulaiman bin Ali na wazee wake wakapiga hesabu: Said ni rafiki wa Waingereza, hatathubutu kuielekezea bendera yao mizinga. Waliitafuta ngao kwa akili zao, hawakulazimishwa na mtu.

Owen, aliyeichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, aliona mlango umefunguka. Hakungoja ruhusa ya London. Ilikubaliwa kwamba Wamazrui waendelee kutawala, Waingereza wawasaidie kurudishiwa Pemba, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikome. Akamwacha Reitz awe mwakilishi, pamoja na Phillips, kijana aliyekuwa bado anajifunza uafisa, na watu wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kisha Leven ikang'oa nanga.

Ulikuwa mzigo mkubwa mno kumtwika luteni. Alitakiwa kuzuia biashara iliyowatajirisha wakubwa wa mji na kudai nusu ya forodha kutoka kwa watu waliomwita awalinde, na nyuma yake hakuna hata jahazi moja la vita. Hata hivyo hakujifungia Ngomeni. Mwezi Mei, masika yamekolea, alisafiri kusini hadi upande wa Pangani ili aijue nchi aliyokabidhiwa. Homa ikamshika safarini. Alifariki tarehe 29 Mei, na mwili wake ukazikwa Mombasa katika magofu ya kanisa la Wareno.

Phillips alishikilia kazi mpaka Luteni James Emery alipofika mwezi Agosti. Emery alidumu karibu miaka miwili, akivutana na Wamazrui juu ya forodha. Watumwa walioachiwa huru walipewa makazi ng'ambo ya kisiwa, mahali panapoitwa English Point hadi leo.

London haikuuridhia mkataba wa Owen, kwa kuwa urafiki wa Said ulikuwa na thamani zaidi kwake. Julai 1826 bendera ikateremshwa. Wamazrui walipambana peke yao kwa miaka kumi na zaidi, na mwaka 1837 Said akaitwaa Ngome. Wakuu wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni, wengine wakajikusanya Takaungu na Gasi. Kutoka Gasi akainuka Mbaruk bin Rashid, ambaye mwaka 1895 aliingia vitani na Waingereza.