AFLW: Timu zimefika 18, lakini mechi bado hazitoshi

Jioni ya Februari 3, 2017, mageti ya uwanja wa Princes Park mjini Melbourne yalifungwa kabla watu wote hawajaingia. Ndani walikuwa mashabiki 24,568, na nje bado kulikuwa na foleni. Bosi wa ligi, Gillon McLachlan, alitoka mwenyewe kuwaomba radhi waliokosa nafasi.

Ilikuwa mechi ya kwanza kabisa ya AFLW, ligi ya wanawake ya mpira wa Kiaustralia: Carlton dhidi ya Collingwood. Awali mpango ulikuwa ianze 2020, ikawahishwa kwa miaka mitatu.

Kwa asiyeujua, mchezo huu sio soka wala raga. Uwanja una umbo la yai, na mpira vilevile. Kila upande wa kufunga una nguzo nne: ukipiga katikati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1 tu. Wanawake huchezesha watu 16 kila timu uwanjani, wanaume 18.

Ligi ilianza na klabu 8. Mwaka 2019 zikawa 10, 2020 zikawa 14, na 2022 zikatimia 18, yaani kila klabu ya ligi kuu ya wanaume sasa ina timu ya wanawake. Ni kasi kubwa mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Vipaji viligawanywa kwa timu nyingi kwa muda mfupi, na timu changa zikawa zinapigwa vipigo vizito.

Sio kwamba wasichana hawakuupenda mchezo huu. Njia ndiyo haikuwepo. Erin Phillips, ambaye baba yake Greg alikuwa nyota wa Port Adelaide, aliuacha akiwa binti mdogo kwa sababu hakukuwa na pa kuendelea. Akaenda kwenye kikapu na kutwaa ubingwa wa WNBA Marekani mara mbili. AFLW ilipoanza akarudi, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi akaichukua 2017 na tena 2019.

Fainali ya 2019 aliimalizia nje, goti likiwa limeumia vibaya. Adelaide yake iliifunga Carlton mbele ya watu 53,034 pale Adelaide Oval. Kiingilio kilikuwa bure, ndiyo, lakini umati ule haukuwa wa kulazimishwa.

Kuna jina lenye historia ya Afrika Mashariki pia. Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan Kusini, alipita kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kufika Australia. Alianza na Fremantle 2017, baadaye akachezea Richmond na Hawthorn.

Sasa pesa. Msimu wa kwanza, mchezaji wa daraja la chini alilipwa dola 8,500 za Australia. Wengi walitoka kazini, wakaenda mazoezini jioni. Mwaka 2022 kima cha chini kilipanda hadi dola 39,184, na makubaliano ya 2023 yakaleta mikataba ya miezi 12, lengo likiwa wastani wa takriban dola 82,000 ifikapo 2027.

Kinachobana ni ratiba. Msimu wa 2017 ulikuwa na raundi 7, na hadi 2025 zilikuwa 12 tu. Kwa timu 18, hiyo maana yake huwezi kukutana na wapinzani wote hata mara moja.

Kuongeza raundi kumefungwa kwenye masharti ya idadi ya watu uwanjani na watazamaji wa TV. Wachezaji wanajibu kwamba shabiki hajengi mazoea na timu anayoiona wiki chache kwa mwaka. Ligi inataka watu kwanza, mechi baadaye. Wachezaji wanataka mechi kwanza.