Ndege wa Amani na Hesabu ya Iliki

Katika semina ya historia ya mazingira, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Ndege asiyeliwa wala kuuzwa, ambaye wengi wetu hatutamwona maishani, ana haki gani ya kumwondoa mkulima shambani? Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo limebeba zaidi ya karne moja ya historia yetu.

Twende Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Mvua za Bahari ya Hindi zimeustawisha msitu wa milima ile kwa mamilioni ya miaka, nao umelea viumbe wasiopatikana karibu popote pengine. Yumo bundi mkubwa aliyepewa jina la Vosseler, mwanazuolojia Mjerumani wa kituo cha utafiti kilichoanzishwa Amani mwaka 1902. Yumo pia ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, Mwingereza aliyefika Amani mwaka 1928. Ndege huyu mdogo anajulikana Usambara Mashariki na katika milima ya Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, basi. Wenyeji walioijua misitu ile kabla ya wageni hao hawamo katika majina hayo.

Nayataja majina kwa sababu yalifuata mkondo uleule wa ardhi. Mwaka 1895 amri ya Kaisari ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Mashamba yaliyopumzishwa na misitu iliyotunzwa kwa mila ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Sehemu ya msitu ikafyekwa kwa ajili ya kahawa ya walowezi, na baadaye chai. Sehemu nyingine ikawekewa mipaka, na Msambaa aliyeingia humo kulima akaitwa mvamizi.

Uhuru haukuibadili hesabu hiyo mara moja. Katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya kiwanda cha serikali iliingia Usambara kwa msaada wa Ufini. Kelele za wanasayansi zilipozidi, uvunaji huo ulisitishwa katikati ya miaka ya 1980, na Ufini ileile ikageuka mfadhili wa hifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000.

Lakini mpaka kwenye ramani haumtoshi ndege. Tangu 1987 mtafiti William Newmark amekuwa akinasa ndege kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia. Alionesha kwamba vipande vidogo vya msitu vilivyotengwa na msitu mkubwa hupoteza aina nyingi za ndege wa vichaka vya chini. Ndege hao wamezoea kivuli, na wengi wao hawathubutu kuvuka hata uwazi mwembamba.

Hapo ndipo Derema inapoingia. Msitu huu unaiunganisha hifadhi ya Amani na misitu ya kaskazini yake, nao ulikuwa umejaa iliki. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa imsaidie kwa kivuli, kisha hufyeka vichaka chini yake. Ukiutazama kwa mbali waona msitu, ilhali nyumba ya ndege imekwisha kubomolewa. Serikali iliamua iliki iondoke, na zaidi ya wakulima 1,000 waliguswa. Malipo ya fidia yalianza, yakasuasua, na kukamilika kwake kukachukua miaka kadhaa. Miaka hiyo mkulima alisomesha watoto kwa nini?

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Ndege hakumwondoa mtu yeyote. Aliyemwondoa mkulima ni dola, kwa niaba yetu sote. Msitu ule hulisha mto Zigi, na mji wa Tanga hunywa maji yake. Faida imegawanywa kwa wengi, nayo gharama ikabebeshwa wachache. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka msingi wa fidia kamili, ya haki na ya haraka. Neno la mwisho kati ya hayo ndilo tulilolipuuza.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa: fidia itangulie, nguzo za mpaka zifuate. Kwenu wanaharakati: msiitetee misitu kana kwamba watu wake ni kosa la kihistoria. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kijiji kinachokumbuka amri ya 1895 na kusubiri malipo ya Derema hakitaulinda msitu kwa sababu tu kimeambiwa ndege wake ni adimu. Kitaulinda kikilipwa kwa wakati, na kikiwa na sauti katika kuusimamia.