Chai ya mboji

Chai ya mboji ni maji yaliyolowekewa mboji au samadi iliyooza, yakachujwa, kisha yakamwagwa shinani au kupulizwa kwenye majani. Katika Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, Uganda, na katika nchi ya ng'ombe na migomba inayouzunguka mji wa Mbarara, faida yake kubwa ni kwamba samadi kidogo huhudumia bustani ndogo: nitrojeni na potasiamu zilizoyeyuka huifikia mizizi upesi. Kwa hiyo mahali pake hasa ni shinani. Wanaolitetea bomba la kupulizia husema jani nalo hunywa. Ni kweli, lakini ngozi ya jani ina nta, na kinachopenya ni kidogo. Chafaa kuziba upungufu wa madini kama zinki, si kulisha mgomba mzima. Madai kwamba chai hii hukinga ukungu yana ushahidi unaoyumba, kwani kila pipa lina vijidudu vyake. Tena chai ya samadi isiyooza vyema yaweza kubeba bakteria wa kuhara, hivyo kuipulizia sukumawiki inayokaribia kuchumwa ni hatari isiyo na sababu. Na udongo uliochoka bado wahitaji mboji yenyewe, makapi na yote.