Kaseti za Taarabu katika Mji wa Kale wa Mombasa

Biashara ya kunasa taarabu katika pwani ya Afrika Mashariki ilianza mikononi mwa makampuni makubwa ya ng'ambo, kwa kuwa santuri, yaani sahani ngumu yenye mifuo inayohifadhi sauti, ilihitaji mitambo na kiwanda ambavyo mfanyabiashara wa kawaida hakuvimudu. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zinaswe, na hata santuri zilipoanza kuchapwa Nairobi katika miaka ya 1950, mtoaji alipaswa kuagiza nakala nyingi kwa mkupuo ndipo gharama zake zirudi.

Kilichogeuza hali hiyo ni kaseti, yaani utepe mwembamba wenye chembe za sumaku uliofungwa ndani ya kibweta cha plastiki, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale wa Mombasa, lilijijengea jina kwa kaseti za waimbaji kama Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, kazi iliyowezekana kwa watu wachache, kwani kinasa sauti kiliweza kupelekwa hadi uani kwenye harusi, na kaseti mama, ile iliyobeba sauti ya kwanza, ikarudufiwa dukani kwa kadiri ya wateja waliouliza. Hapakuwa na sababu ya kujaza ghala kwa nyimbo ambazo huenda zisinunuliwe.

Faida kubwa zaidi, ingawa wanaohesabu mauzo huisahau, ilikuwa ya ushairi wenyewe. Upande mmoja wa santuri za zamani ulichukua takriban dakika 3, hivyo beti zilikatwa, ilhali kaseti ya dakika 60 ilitoa nusu saa kila upande, ikamwachia mwimbaji nafasi ya kumaliza shairi lake pamoja na vitikio, vigelegele na shangwe za watunzaji.

Hata hivyo, wepesi uleule uliowainua wenye maduka uliwanyima wasanii haki yao, kwa sababu yeyote mwenye vinasa viwili aliweza kurudufu kaseti aliyoinunua na kuiuza, na kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine ilizidisha mvumo wa utepe, hata sauti ya udi ikafifia.