Faiba si waya

Faiba ni uzi wa kioo safi, mwembamba karibu kama unywele, unaosafirisha habari kwa mwanga. Neno hilo lilishika kasi Kenya baada ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, na leo mtu wa Kericho au Bomet akisema "faiba" pengine anamaanisha intaneti yenyewe. Tanzania husema mkongo, kama katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano; ni jina zuri kwa njia kuu iendayo mji hadi mji, lakini ni kubwa mno kwa kipande kinachounganisha majengo mawili. "Nyuzinyuzi" limeshachukuliwa na wataalamu wa lishe. Lililo sahihi zaidi ni uzi wa kioo, na ukishavikwa maganda yake uitwe kebo ya faiba. "Waya wa faiba" ni kosa lenye madhara, kwa sababu waya ni metali na hupitisha umeme.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika kiwanda cha chai, kiwe Momul upande wa Kericho au Tirgaga upande wa Bomet. Majani hunyaushwa kwa feni, hukatwa, huchachuka, hukaushwa, kisha chai huchambuliwa kwa madaraja. Mota za mashine hizo huvuruga mawimbi ndani ya waya wa shaba, ambao kwa mtandao wa kawaida hautakiwi kuzidi mita 100. Tena nyanda hizi zina radi na mvua ya mawe kwa wingi. Radi ikipiga karibu, shaba iliyotandazwa kutoka mizani hadi ofisini huweza kuunguza vifaa vya ncha zote mbili. Kioo hakipitishi umeme huo.

Kebo, hata hivyo, huweza kuwa na deraya ya chuma ya kuzuia meno ya panya. Chuma hicho lazima kifungwe athi, yaani kiunganishwe na ardhi, la sivyo hatari ya waya imerudishwa kwa mkono wa fundi mwenyewe.

Kioo hakipendi kona kali. Kwa kawaida nusu kipenyo cha kona hakipungui mara 20 ya unene wa kebo inapovutwa, na mara 10 ikishatulia. Kebo ya milimita 12 huhitaji sentimita 24 wakati wa kuvutwa. Ipitishwe mbali na tanuri la mvuke na mashine za kukaushia.

Adui mkubwa ni vumbi la chai. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina kipenyo cha milimita 0.009 hivi, kwa hiyo punje moja huweza kukiziba chote. Nyuzi huungwa kwa kuyeyushwa ncha kwa cheche ya umeme, mbali na chumba cha kuchambulia. Vifuniko vya ncha havitolewi hadi dakika ya kuchomeka, na ncha husafishwa kwanza. Mwanga unaotumika kwa kawaida hauonekani, hivyo ncha haichunguliwi kwa jicho: hupimwa kwa kifaa.