Super Matimila: bendi iliyolishwa na kiingilio

Watu wa Ujiji na Kagunga wana haki ya kumdai mwanamuziki Remmy Ongala kuwa ni wa kwao, ingawa hakuzaliwa huku. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huko ndiko walikotoka mababu wa Wamanyema wengi wa Ujiji, waliofika na misafara ya pembe na watumwa karne ya 19. Kwa hiyo katika mwambao huu wa Tanzania, hadi Kagunga mpakani na Burundi, gitaa la Kikongo halijawahi kuwa mgeni.

Njia ya Remmy ilikuwa ya mzunguko. Alijifunza gitaa bila mwalimu, akapiga katika bendi za Kongo na Uganda, na mwaka 1978 akatua Dar es Salaam katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Akiwa huko alitunga "Siku ya Kufa", wimbo wa kumlilia rafiki. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki na kujiunga na Matimila, iliyokuja kujulikana kama Super Matimila.

Enzi hizo bendi nyingi kubwa zilikuwa na baba. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Mwanamuziki wa huko alikuwa na mshahara wa mwezi na vyombo vya mwajiri. Matimila hawakuwa na mwajiri wa namna hiyo. Chakula chao kilitoka mlangoni mwa baa, kwenye kiingilio, na kwa wapenzi waliopanda jukwaani kutuza. Ukumbi ukikosa watu, na sufuria nyumbani ilikosa kitu.

Bendi inayolishwa na walalahoi huimba ya walalahoi. Remmy aliimba kifo, umaskini na dharau ya wenye nacho. "Mnyonge Hana Haki" inajieleza kwa jina lake. Muziki wake aliuita ubongo, kwa kuwa alitaka uingie kichwani, usiishie miguuni. Mashabiki nao walimwita Dokta.

Mwaka 1988 tamasha la WOMAD liliwapeleka Ulaya. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya "Songs for the Poor Man" chini ya Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 1992 ikafuata "Mambo". Bendi ya baa za Dar ikasikika katika majumba ya muziki ya Uingereza.

Mtihani mkubwa ulikuwa nyumbani. UKIMWI, ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza Kagera mwaka 1983, ulikuwa ukizika watu huku wakubwa wakiona haya kuusema. Remmy akatunga "Mambo kwa Soksi", soksi ikiwa ni kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Kwa bendi nyingi huo ungekuwa mwisho wa wimbo, maana redio ilikuwa moja. Super Matimila waliendelea kuupiga ukumbini, watu wakaujua bila redio. Njaa ya bendi isiyo na mwajiri ilikuwa na faida hiyo moja: hapakuwa na bosi wa kuinyamazisha.

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliokoka, akageukia nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.  Panda daladala ya Sinza leo, utamsikia konda akitaja kituo: "Kwa Remmy!"